Muulize Mwalimu: Umekaa Kibaraza Gani?

Mwezi huu barua zimekuja kana kwamba zimepanga foleni pamoja. Nimechagua nne, zote zinahusu vitu vinavyokwenda mbio na watu wanaovirukia. Yule aliyeuliza kuhusu betri ya simu aniwie radhi, zamu yake ni toleo lijalo.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha kwanza anashuka daladala likiwa linatembea. Nimemkemea mpaka sauti imekauka. Ananijibu kwamba makonda wanafanya hivyo kutwa nzima na hawaumii, na kwamba anayejua fizikia haanguki. Nisaidie. (Mama wa watatu, Mbagala, Dar es Salaam)*

Marahaba, mama. Mwanao ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo hiyo ndiyo iliyonivunja mtulinga.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, natoka upande wa Muheza, nimedandia lori la mkonge bila dereva kujua. Karibu na njia panda ya kwetu lori likapunguza mwendo kwa ajili ya kona, nikaona hapa hapa. Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa kujumlisha na kutoa kasi, basi nikapiga hesabu ya harakaharaka. Lori linakwenda mbele kilomita 15 kwa saa. Nikijisukuma kuelekea nyuma kwa kilomita 7, nitagusa ardhi nikiwa na kilomita 8 tu. Mtu anayekimbia polepole tu! Nikageuka nikatazama tulikotoka, nikaruka.

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kilomita 8 zile zilikuwapo, ila zilikuwa za kwenda kinyumenyume. Miguu ikakamata ardhi, kiwiliwili kikaendelea na safari ya lori, na binadamu hakuumbwa na mguu wa kukimbia kinyumenyume. Nikatua kwa bega la kushoto. Marehemu mama alinifunga khanga begani, akanisema majuma sita, muda ule ule mfupa uliochukua kuunga.

Sasa mtazame konda anayejua kazi yake. Hageuki hata siku moja. Uso anauelekeza gari linakokwenda, mkono umeshika bomba la mlangoni, mwili ameulaza nyuma kidogo, na mguu unapogusa lami tayari anakimbia. Zile hatua nne tano anazopiga kando ya gari ndizo anazolipia deni. Alikopa kasi ya daladala, na lazima airudishe yote kabla hajasimama. Analipa kwa miguu, kidogokidogo. Mwanao akikosea atalipa kwa goti au kwa meno, kwa mkupuo mmoja.

Na mkopo una kikomo. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 kule Berlin mwaka 2009, sekunde 9.58, wastani wake ulikuwa kilomita 37 na nusu hivi kwa saa. Daladala likifika 40, mwambie mwanao hata Bolt angetaabika, na Bolt havai viatu vya shule vilivyoisha soli. Tena konda ana jambo jingine ambalo mwanao hana: anajua dereva wake atafanya nini sekunde inayofuata. Kwa hiyo mwanao asubiri lisimame. Akikubishia, mwambie mwalimu amesema hesabu anaijua, miguu ndiyo haijasoma.

*Mwalimu, nimeona video ya gari linalokwenda mbio, mpira unafyatuliwa kutoka nyuma yake, na mpira unaanguka chini wima kama umeachiliwa tu. Wenzangu wanasema ni ujanja wa kompyuta. Na kama ni kweli, mpira ulikwenda au haukwenda? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mombasa)*

Si ujanja wa kompyuta. Watu wa kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, walifanya hivyo kwa mpira wa miguu: gari likaenda mbele maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 97, na mtambo nyuma ya gari ukaufyatua mpira kuelekea nyuma kwa maili 60 zile zile. Mpira ukaning'inia kidogo kana kwamba umesahau la kufanya, kisha ukadondoka. Kitu kinachoanguka kutoka mita moja na nusu huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde kufika chini. Katika muda huo gari la kasi hiyo limeshakwenda mita 15 mbele.

Swali lako la pili ndilo tamu. Vitabuni kuna neno fremu ya rejea. Darasani nilipoona macho yanazubaa, neno hilo nililiweka pembeni nikasema kibaraza. Kila mtu anautazama ulimwengu akiwa amekaa kibarazani kwake. Wewe umekaa kibaraza cha nyumbani, wapita njia wanapita. Lakini kibaraza chaweza kuwa na magurudumu. Aliyekaa nyuma ya lile gari aliuona mpira ukimkimbia kwa kilomita 97 kwa saa. Aliyesimama kando ya barabara aliuona ukianguka kama embe. Ukiniuliza mpira ulikwenda au haukwenda, nami nitakuuliza: umekaa kibaraza gani? Hakuna aliyekosea hapo. Mwendo haukai ndani ya kitu kama utamu ndani ya muwa. Uko kati ya kitu na anayekitazama.

Mwaka 1991 niliamua wanafunzi wangu waone jambo hili kwa macho yao. Gari hatukuwa nalo, ila palikuwa na baiskeli aina ya Phoenix ya mlinzi wa shule. Kijana mmoja mwenye mapaja ya kuchezea mpira akaendesha, mwenzake akakaa kwenye keria akitazama nyuma, mkononi ana mpira wa tenisi. Baiskeli kilomita 20 kwa saa, mpira urushwe nyuma kwa kasi iyo hiyo. Ni rahisi kusema. Mara kumi na moja mpira ulikataa: ama aliurusha kwa woga ukawafuata mbele, ama aliurusha kwa hasira ukarudi nyuma. Mara ya kumi na mbili ukashuka wima, pu! mbele ya wenzao waliokaa kwenye majani. Kelele ilipigwa hata mkuu wa shule akatoka ofisini. Na yule wa kwenye keria akashuka ananuna: "Mbona mimi nimeuona unakwenda nyuma kama zile nyingine zote?" Mitihani mingi nimesahihisha, lakini sijapata jibu zuri kuliko lile nuno.

Mambo haya mabaharia waliyajua kabla ya walimu. Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi, Pangani, na nikiwa mtoto aliniambia kwamba kitu kikimponyoka mtu juu ya mlingoti, waliokaa shinani ndio wajihadhari, si waliokaa tezi, yaani nyuma ya chombo. Jahazi linakata maji, kitu kinaanguka, na bado kinaangukia shina la mlingoti, kwa sababu kilikuwa kinasafiri na jahazi kabla hakijaponyoka na hakuna aliyekiambia kiache kusafiri. Ulaya walibishana kuhusu hili miaka mingi. Waliokataa kwamba dunia inazunguka walidai jiwe linaloanguka lingeachwa nyuma. Mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliwajibu mwaka 1632 kwa mfano wa chumba cha ndani ya merikebu: vipepeo wanaruka, maji yanadondoka tone kwa tone kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, na aliyemo humo hawezi kujua kama merikebu imetia nanga au inakwenda, mradi mwendo wake ni laini. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre Gassendi akaenda kujaribu baharini, Marseille, kwenye merikebu ya makasia. Wakaachia mawe kutoka juu ya mlingoti. Yakaangukia shinani.

Ukishakielewa kibaraza, utawatazama wacheza na hatari kwa jicho jingine. Watazamaji hushangilia kasi. Wao wenyewe kasi haiwashughulishi sana. Wanachokihangaikia ni tofauti ya kasi. Ormer Locklear, rubani wa jeshi la Marekani, wakati Vita Kuu ya Kwanza inaelekea mwisho alikuwa akihama kutoka ndege moja kwenda nyingine angani. Katika miaka ya 1920 mwanamke aitwaye Gladys Ingle alivuka mipaka: ndege imekosa gurudumu, yeye akafungwa gurudumu mgongoni, akapandishwa kwa ndege nyingine, akavuka kwa mikono na miguu kutoka bawa hadi bawa, akateremka chini ya ile yenye ulemavu na kulifunga. Picha zake za filamu zipo hadi leo, na ukizitazama utaona jambo la ajabu: ndege zote mbili zinaonekana kama zimeegeshwa. Ndege za mbao na kitambaa za siku zile zilienda karibu kilomita 100 kwa saa, lakini kati ya bawa na bawa tofauti ilikuwa kama ya mtu anayesogeza kiti. Kwa ndege ile, ndege jirani ni dari la jirani.

Kitu kimoja tu hakikuingia kwenye mapatano, nacho ni hewa. Hewa haikupanda ndege nao. Mama yule alikuwa anavuka dari la jirani katikati ya tufani, ndiyo maana kila kidole kilikuwa na kazi. Hapo ndipo mfano wa chumba cha Galileo unapoishia. Ndani ya basi lililofungwa vioo, hewa ni abiria mwenzako. Juu ya keria la basi, hewa ni adui.

Mwezi Oktoba 2017 Wafaransa wawili, Fred Fugen na Vince Reffet, walijirusha kutoka mlima Jungfrau, Uswisi, wamevaa mavazi yenye mabawa, wakaifukuzia ndege ndogo aina ya Pilatus Porter iliyokuwa inashuka pamoja nao, wakaingia ndani kwa mlango wake, mmoja baada ya mwingine, angani. Rubani alifanya nusu ya kazi. Aliishusha ndege kwa pembe na kasi ambayo mlango ulibaki mahali pamoja mbele ya macho yao, nao wakajongea taratibu mpaka wakaufikia. Wanaoruka kwa parachuti na kushikana mikono angani hufanya vivyo hivyo: wote wanashuka karibu kilomita 200 kwa saa, na wanasalimiana kama watu msibani, polepole.

Hatari inakuja pale unapohama kibaraza bila kufuta tofauti. Locklear alikufa tarehe 2 Agosti 1920, Los Angeles, wakati anarekodiwa filamu usiku. Usiku huo ndege yake haikukutana na ndege nyingine, ilikutana na ardhi. Mrukaji wa parachuti wa Marekani, Luke Aikins naye, tarehe 30 Julai 2016 kule California, aliruka kutoka mita 7,600 hivi bila parachuti, akidondoka kwa zaidi ya kilomita 190 kwa saa, akaangukia wavu wa mita 30 kwa mita 30. Akainuka akamkumbatia mkewe. Wavu ule ulifanya nini ambacho ardhi isingefanya? Ulishuka naye. Ulikuwa umening'inizwa juu sana, kwa hiyo ulipompokea uliendelea kuteremka pamoja naye ukimpunguza, kama konda na hatua zake nne tano. Ardhi haina adabu hiyo.

Ninyi mlioko Mombasa mna maabara bure. Panda feri ya Likoni na chungwa. Ikishashika mwendo, lirushe juu wima ulidake. Wewe utaliona linapanda na kushuka; mwenzako aliyebaki ng'ambo, kama ana macho ya kipanga, ataliona linachora upinde.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar es Salaam hadi Tunduma. Kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Magari mawili yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa 80, mmoja anasema ni sawa na kugonga ukuta kwa 160. Mwingine anasema ni sawa na kugonga ukuta kwa 80 tu. Soda ya nani? (Dereva, Mikumi)*

Soda ni ya aliyesema 80, lakini asiifungue kwanza.

Kama magari mawili yanafanana uzito, kila moja lilikuwa na 80 na likabaki na sifuri. Limepoteza 80. Likigonga ukuta imara kwa 80 linapoteza 80 vilevile. Wale wale wa MythBusters waliligongesha gari ukutani kwa maili 50, ambazo ndizo hizo 80 zenu, wakagongesha jingine kwa maili 100, kisha wakagonganisha mawili kwa maili 50 kila moja. Mibonyeo ya yale mawili ilifanana na ya lile lililogonga ukuta kwa maili 50.

Mwenzenu wa 160 hakuota, alihamia kibaraza tu. Ukikaa ndani ya gari la pili, kweli la kwanza linakujia kwa 160. Ila kutoka kibaraza hicho gari lako ndilo limesimama, na halijajengewa msingi kama ukuta. Linasukumwa. Mzigo wa kugongana unagawanywa na wawili.

Sasa soda ihamishwe. Hesabu hiyo ni ya waliolingana. Wewe una lori, tuseme tani 40 na mzigo, na mbele yako kuna gari dogo la tani 1.2 linalorudi kutoka arusini. Wote 80. Baada ya kugongana na kushikana, rundo zima linaendelea kwenda upande wako kwa karibu kilomita 75 kwa saa. Wewe umepoteza 5. Yule wa gari dogo alikuwa anakwenda 80 kule, sasa anakwenda 75 huku: amebadilika kwa 155, ndani ya muda wa kupepesa jicho. Kwake yeye ni kama ukuta wa 155. Dereva wa lori anateremka anashika kichwa. Wa gari dogo hateremki. Kwa hiyo mwenye 160 naye alikuwa karibu na ukweli, alisahau tu kutaja anaongelea kiti cha nani.

Na mkiwa hapo hapo kijiweni, ongezeni hesabu ya kuovateki, maana hiyo ndiyo inayowakutanisha uso kwa uso. Basi linataka kukupita. Wewe 80, lenyewe 100. Kutoka kibaraza chako linajongea kwa 20 tu, mita 5 na nusu kila sekunde. Ili litoke nyuma yako, lipite urefu wako na lirudi njia yake kwa nafasi ya kutosha, linahitaji kama mita 60. Hizo ni sekunde 11. Katika sekunde 11 basi limekula mita 300 za lami, na gari linalokuja kwa 80 limekula 240. Kwa hiyo dereva wa basi anahitaji zaidi ya nusu kilomita iliyo wazi kabisa, na nina hakika Mikumi hiyo unazijua kona zisizokuonyesha hata robo yake. Macho yanadanganyika kwa sababu yanatazama ile 20 ya taratibu iliyo kando, huku hatari ni 180 iliyo mbele: mia ya basi na themanini ya anayekuja.

*Mwalimu, dunia inazunguka. Helikopta ikipaa Dar es Salaam na kusimama pale pale hewani, kwa nini isisubiri Kigoma ije chini yake? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Morogoro)*

Umenifurahisha, maana hata upande umeupatia: dunia inazungukia mashariki, kwa hiyo ni kweli ingekuwa Kigoma inayokuja Dar es Salaam. Na isingechelewa, dakika kama 39 tu. Lakini helikopta kabla haijapaa ilikuwa inasafiri na Dar es Salaam, kuelekea mashariki, kwa karibu kilomita 1,650 kwa saa, na hewa pia, na wewe pia uliko Morogoro. Kupaa hakuifuti safari hiyo. Ni kile kitu kilichoponyoka kwenye mlingoti wa baba, kimegeuzwa juu chini.

Ukitaka kujihakikishia, siku ukipanda treni ya umeme kwenda Dodoma, ngoja ifike mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa, simama kwenye ujia katikati ya viti, ruka wima kadiri ya shibiri moja na nusu. Utakaa hewani kama nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo treni imesonga mita 22, nawe utatua penye alama ya viatu vyako. Kisha rudia treni inapoanza kushika breki kuingia stesheni. Safari hii utatua mbele kidogo ya alama. Niandikie kwa nini unadhani imekuwa hivyo. Na mhudumu akikuuliza unafanya nini, mwambie umetumwa na mwalimu. Jina usimpe.